Umeomba Chumba cha Bahari, Umepewa cha Jenereta?

*Unabuku hoteli, unaandika maombi yako, unaanza kuota machweo. Ukifika, ufunguo unafungua mlango mwingine kabisa! Je, hoteli husikiliza maombi ya wageni kwa kiasi gani? Na ufanye nini ili ombi lako lisiishie kwenye karatasi?*

Siku ya pili baada ya harusi yetu tulipanda boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, hina bado inang'aa mikononi, na kichwani nilikuwa na picha moja tu: chumba cha ghorofa ya juu, kitanda kikubwa chenye neti nyeupe, na dirisha linalotazama bahari. Mume wangu ndiye aliyechagua chumba na kulipa. Mimi niliachiwa ile nafasi ya maombi maalumu, nikaijaza mistari minne, nikamalizia na "Tuko fungate, asanteni sana."

Tulipokewa vizuri, kwa madafu na vitambaa vya baridi vya kujifutia uso. "Poleni kwa safari." "Tumeshapoa." Kisha mhudumu akachukua mabegi, akatuzungusha nyuma ya jiko, akafungua mlango.

Vitanda viwili. Vya mtu mmoja mmoja! Dirisha lilitazama ukuta, na nyuma ya ukuta kulikuwa na jenereta inayonguruma kama lori la mchanga linalopanda Kitonga.

Nilirudi mapokezi nimevimba. Kijana wa pale alinisikiliza mpaka nikamaliza, akageuza kompyuta yake ili nione mwenyewe, akasema kwa upole: "Dada yangu, haya uliyoandika ni maombi. Chumba mlicholipia ndicho hiki."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama sakafu.

Kumbe alikuwa amebuku chumba cha bei ya chini kuliko vyote. Madeni ya harusi yalimfika shingoni, na zile siku za shamrashamra hakuona pa kuanzia kuniambia. Na mimi, bila kujua, nikarundika ndoto za chumba cha bei ya juu kwenye chumba cha bei ya chini. Hoteli haikutudanganya. Usiku wa kwanza wa fungate kila mtu akageukia ukuta wake.

Tangu siku ile kila nikilala hotelini, kwa kazi au kwa starehe, nina tabia ya kuwadodosa watu wa mapokezi. Na nimegundua kwamba wengi wetu tunaomba vitu bila kujua tunaomba nini.

OMBI SI AHADI

Tuanze na hili, maana hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Unapobuku, hoteli haikuuzii chumba namba 204. Inakuuzia aina ya chumba: cha kawaida, cha daraja la juu, suiti, kinachotazama bustani au kinachotazama bahari. Ile aina ndiyo haki yako. Ni chumba gani hasa utapewa ndani ya aina hiyo, huo ni uamuzi wa hoteli. Hata mitandao mikubwa ya kubuku kama Booking.com huandika wazi kwamba maombi maalumu hayana uhakika, na kwamba hoteli itajitahidi tu. Tatizo ni kwamba maneno hayo tunayaruka haraka haraka ili tufike kwenye picha za bwawa.

Sasa nani anaamua? Katika hoteli nyingi kazi ya kugawa vyumba hufanyika jioni ya kuamkia siku yako ya kufika, au asubuhi ya siku hiyo hiyo. Mtu wa mapokezi anachukua orodha ya wanaoingia, anailinganisha na wanaotoka na vyumba vilivyo wazi, kisha anapanga. Ni kama kupanga watu kwenye meza za harusi: kila mmoja anataka kukaa mbele, na meza za mbele ni tatu.

Wanaoangaliwa kwanza ni waliolipia kitu maalumu. Wanafuata wageni wanaorudi mara kwa mara, wanachama wa zile klabu za hoteli kubwa kama Marriott na Hilton, na wanaokaa siku nyingi. Maharusi nao hupewa jicho la huruma. Wengine wote, yaani mimi na wewe tuliopata punguzo la dakika za mwisho, tunagawana kilichobaki.

Na hata orodha ikishapangwa vizuri, dunia haitulii. Mgeni aliyekuwa atoke ameongeza siku. Bomba limepasuka. Kiyoyozi kimekata roho. Chumba ulichowekewa jioni kinaweza kuwa cha mwingine kufika mchana, na hakuna mtu aliyekuwa na nia mbaya.

MAOMBI YAPO YA AINA TATU

Baada ya kudodosa sana, mimi nayagawa maombi katika mafungu matatu. Ukijua lako liko fungu gani, utajua kabisa uwezekano wake.

*1. Maombi ya mikono.* Haya yanahitaji mtu mmoja na dakika chache: mto wa ziada, kutolewa pombe kwenye friji, birika la chai, maua kitandani, chakula kisicho na karanga. Hayamnyang'anyi mgeni mwingine kitu. Haya hukubaliwa karibu kila mara, mradi yamefika kwa mhusika mapema.

Tena wahudumu wengine huyafurahia. Mwaka 2013 mgeni mmoja aliyebuku hoteli huko Texas, Marekani, aliandika kwa utani kwamba anaomba M&M's tatu nyekundu: moja yake, moja ya mpenzi wake, na moja ya kugawana wakisikia njaa usiku. Akaongeza picha ya bekoni iwekwe kitandani. Alipofungua mlango alizikuta M&M's zake na picha yake ya bekoni! Watu walishangaa sana, lakini ukifikiria vizuri, hilo lilikuwa ombi jepesi. Hakuna mgeni mwingine aliyekuwa anaigombea ile picha.

*2. Maombi ya mahali.* Ghorofa ya juu, mbali na lifti, karibu na chumba cha wazazi, kitanda kimoja kikubwa badala ya viwili. Hapa unaingia kwenye ushindani. Vyumba vya kona ni vichache na kila mtu anavitaka. Hesabu nusu kwa nusu: hoteli ikiwa na nafasi utapata, ikiwa imejaa usinune.

Kuhusu kitanda, kuna siri. Hoteli nyingi zina vitanda viwili vinavyoweza kusogezwa pamoja na kutandikwa kama kimoja. Hiyo ni kazi ya watu wa usafi wa vyumba, na wanaifanya asubuhi wanapotandika. Ukisema mapema, ombi hili linahamia fungu la kwanza. Ukisema saa 4 usiku, umeshachelewa. Ila ujue kwamba visiwani kuna hoteli zenye vitanda vya jadi vya mbao nzito, na nyingine vimejengwa kabisa kwa saruji kutoka sakafuni. Hivyo havisogei hata ukiomba kwa machozi.

*3. Maombi ya mfukoni.* Haya ndiyo yale ya kwangu: kulipia chumba cha kawaida halafu kuomba bahari. Dirisha la bahari lina bei yake, na hoteli itajaribu kuliuza mpaka dakika ya mwisho. Wakati mwingine hukupa bure kwa sababu vyumba vya kawaida vimejaa au kwa sababu wamekupenda. Hiyo ni bahati, kama kuokota noti kwenye suruali ya mwaka jana. Usiipangie bajeti.

Kuingia chumbani mapema nako kumo humu. Hoteli nyingi hutaka utoke saa 4 au saa 5 asubuhi, na hukuruhusu kuingia kuanzia saa 8 au saa 9 mchana. Katikati ni muda wa kufagia na kubadilisha mashuka. Ukishuka boti saa 3 asubuhi, chumba chako labda bado kina mtu anakoroma. Acha mabegi mapokezi, vaa nguo za kuogelea, nenda ukaogelee. Kama ni lazima uingie asubuhi, lipia na usiku uliotangulia.

MSIMU NA JENGO NAVYO VINA NENO

Ombi lile lile linaweza kupata "ndiyo" mwezi Novemba na "samahani" mwezi Desemba. Kwa Zanzibar, Julai na Agosti pamoja na Krismasi na mwaka mpya ni miezi ya kubanana. Februari kuna Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004, na Mji Mkongwe hufurika. Wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, mambo hugeuka: baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga, na zinazobaki wazi zina vyumba vya kuchagua. Mvua itakunyeshea, lakini kona utapata.

Jengo nalo lina sheria zake. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na hoteli zake nyingi ni nyumba za zamani zilizogeuzwa. Humo hakuna vyumba viwili vinavyofanana: kimoja kina roshani, kingine kina dari ndefu, kingine ni kidogo kama stoo. Ngazi ni za kusimama wima na lifti ni adimu. Kama unasafiri na mama mkwe mwenye magoti mabovu, "ghorofa ya chini" lisiwe ombi la kuandika baada ya kulipa. Uliza kwanza, ujibiwe, ndipo ulipe. Na kama una usingizi mwepesi, kumbuka misikiti ni ya kila mtaa. Chumba cha ndani kitapunguza sauti ya adhana ya alfajiri, lakini hakitaiondoa.

Halafu kuna maombi ambayo hakuna meneja duniani anayeweza kuyatimiza. Ukitaka jua lizame baharini mbele ya dirisha lako, nenda Kendwa au Nungwi. Paje na Jambiani ziko mashariki. Kule jua huchomoza baharini, na maji yakikupwa unayafuata kwa mguu mbali sana. Usiende Paje ukamgombeza kijana wa mapokezi kwa sababu ya machweo.

Bara nako vivyo hivyo. Ukingo wa Kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku ni baridi kali. Kule, kama chumba unacholipia kinatazama shimo, hakikisha hilo limeandikwa. Halafu omba chupa ya maji ya moto kitandani, maana hilo ni ombi la mikono na utashukuru. Na nyinyi wapenzi mnaoomba hema la mwisho kabisa kule Serengeti kwa ajili ya faragha, sawa, lakini kambi nyingi hazina uzio. Usiku hutembei mwenyewe, unasindikizwa na askari. Hema la mwisho maana yake ni mwendo mrefu zaidi gizani, pamoja na yale macho yanayong'aa ukimulika tochi.

OMBA HIVI USIKIKE

*Punguza.* Mistari minne kama ya kwangu humfanya mtu wa mapokezi asijue lipi ni muhimu. Andika ombi moja. Yakiwa mawili, sema lipi linatangulia.

*Toa sababu.* "Mbali na lifti" ni upendeleo. "Mbali na lifti, tuna mtoto wa miezi mitano anayeamka kwa kelele kidogo" ni jambo ambalo mtu mwenye mtoto nyumbani atalikumbuka.

*Ongea na hoteli yenyewe.* Ukibuku kupitia mtandao au wakala, ombi lako linapita mikono kadhaa, na kila mkono kuna neno linalodondoka. Siku mbili au tatu kabla ya safari, tuma barua pepe au ujumbe wa WhatsApp kwa hoteli. Siku moja kabla, piga simu mchana, maana jioni huenda vyumba vinagawiwa. Unaweza kuandika hivi:

"Habari za kazi. Tuna nafasi hapo kwenu kuanzia Ijumaa, usiku tatu, kwa jina hili na namba hii ya buking. Tutafika saa 10 jioni. Tunaomba kitanda kimoja kikubwa, kwani ni fungate yetu. Kama haiwezekani, tafadhali tujulisheni mapema. Asanteni."

*Pata jibu la maandishi.* Mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyekujibu "hamna shida dada" kwenye simu anaweza kuwa off siku utakayofika.

*Sema ukichelewa.* Anayefika saa 3 usiku bila taarifa hukuta wenzake wameshachagua. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

*Usidanganye fungate.* Najua wapo wanaojifanya maharusi kila mwaka ili wawekewe maua. Jamani! Mbali ya aibu, siku utakayokuwa na sababu ya kweli, ile hoteli itakuwa imeshakuzoea.

*Kagua kabla ya kufungua begi.* Hujaridhika? Rudi mapokezi hapo hapo, kitanda kikiwa hakijaguswa. Chumba ulichooga na kulala kinahitaji kusafishwa upya, na hoja yako inakuwa imeshapoa.

NA WAKIKATAA?

Kwanza jiulize: nilikiomba, au nilikilipia? Kama karatasi yako inasema "kinachotazama bahari" na umepewa ukuta, huna haja ya kubembeleza. Toa karatasi, omba kuonana na meneja, na dai uhamishwe au urudishiwe tofauti ya bei. Na kama wamejaza kupita vyumba walivyonavyo na huna pa kulala kabisa, desturi ya hoteli nyingi kubwa ni kukutafutia hoteli nyingine ya hadhi hiyo na kulipia usiku ule. Waulize hilo bila kuona haya.

Lakini kama lilikuwa ombi tu, badilisha lugha. Ule msemo wa mteja ni mfalme acha nyumbani. Jaribu kusema: "Naelewa. Kesho kuna mtu anayetoka chumba cha juu? Tofauti ya bei ni kiasi gani?" Yule kijana ametukanwa na watu wanne tangu asubuhi. Wewe ukiwa wa tano kuongea naye kiungwana, jina lako ndilo atakalolikumbuka ufunguo ukirudi.

KABLA YA KUIOMBA HOTELI, OMBANENI

Narudi kwenye chumba cha jenereta. Mnamo saa 6 usiku umeme wa kawaida ulirudi na jenereta ikanyamaza. Mume wangu akajua siko usingizini. Akaniambia, kwa mara ya kwanza, kiasi gani kilikuwa kimebaki baada ya kulipa ukumbi, mpiga picha na wapishi. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ulikuwa na furaha sana. Sikutaka iwe mimi wa kuiharibu." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshaiharibu mwenyewe, kwa kumwaibisha pale mapokezi mbele ya watu.

Asubuhi tulirudi kwa yule kijana. Nikamwomba radhi. Akatuambia chumba cha juu kitakuwa wazi mchana, akataja na tofauti ya bei. Tulitazamana, tukahesabu, tukasema hapana, asante. Badala yake tukaomba kitu kimoja tu: vitanda viunganishwe. Dada wa usafi akaja na mwenzake, wakasukuma, wakatandika shuka moja kubwa, wakachora moyo kwa maua ya mlangilangi. Dakika kumi! Nilikuwa nimelia usiku kucha kwa ombi la dakika kumi. Ile tofauti ya bei tukaitumia kwenda kula pweza na kupanda ngalawa, na jenereta tukaizoea.

Kwa hiyo, ushauri wangu kwa wanandoa na wachumba wote mnaopanga safari ni huu. Kabla hamjagusa simu kubuku, kaeni chini. Kila mmoja ataje kitu kimoja ambacho akikikosa safari imekufa. Mmoja atasema bahari, mwingine atasema usingizi, au chakula, au kutolala na deni. Kisha wekeni hela mezani, zote, hata kama inaona aibu. Kile msichoweza kukikosa, kinunueni na mpate karatasi yake. Kile mnachotamani tu, kiombeni vizuri, na mkubaliane mapema kwamba kikikosekana hakuna wa kununa.

Siku hizi nyumbani kwetu tuna utaratibu. Yeye anasoma bei kwa sauti, mimi nasikiliza. Tukishakubaliana, ananipa simu niandike ombi letu. Moja tu.

Safari njema!